MJI WA MTO PREGEL NA MTO WETU WA RUFIJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyamisati)



Halmashauri ya Chama imenitaka nizungumze juu ya matembezi; yaani, mtumishi wa Serikali apatapo ruhusa yake ya mwaka, aende wapi, atazame nini, na kwa faida gani. Najua kwamba baadhi yetu hudhani matembezi ni kazi ya wageni wenye fedha na kamera, na kwamba sisi ruhusa yetu ni ya kwenda nyumbani, kutengeneza paa, kulipa karo za watoto na kurudi kazini tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Hayo ya nyumbani ni ya haki wala siyapingi. Lakini wahenga walisema tembea uone, wala hawakusema kwamba ni lazima mtu avuke bahari ndipo aone.

Nimechagua kusema juu ya mji mmoja wa kale wa Wajerumani uliojengwa kando ya mto, na juu ya mto huu tulio karibu nao sasa. Mtaniuliza, mji wa Ulaya na Nyamisati vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena ni wa chuma, nao umelala katika tope la Rufiji. Mji wenyewe waitwa Königsberg.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1255 karibu na pwani ya bahari ya Baltiki, penye mto uitwao Pregel. Mto huo hugawanyika na kukizunguka kisiwa kidogo, na juu ya kisiwa hicho wenyeji walijenga kanisa lao kuu. Mwaka 1544 wakapata chuo kikuu. Mimi sikufika huko. Nasimulia yale niliyoyasoma, kama karani asimuliavyo yaliyomo katika jalada.

Wageni waliofika huko zamani walikuwa na mchezo mmoja. Mji ulikuwa na madaraja 7, na watu waliulizana kama mtu aweza kuyapita yote katika matembezi mamoja bila kulikanyaga lo lote mara mbili. Wengi walijaribu, wakashindwa. Mwaka 1736 mtaalamu wa hesabu, Leonhard Euler, alionyesha kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, wala hakuhitaji kuchosha miguu yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mji ulikuwa na sehemu 4 za nchi kavu: kisiwa kilikuwa na madaraja 5, na zile sehemu nyingine 3 zilikuwa na madaraja 3 kila moja. Kila mara mtu apitapo mahali, huingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine. Basi mahali pa kupita tu lazima pawe na madaraja yanayogawanyika kwa mbili. Penye madaraja yasiyogawanyika kwa mbili hapana budi pawe mwanzo wa safari au mwisho wake. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja tu. Na sehemu za namna hiyo pale mjini zilikuwa 4. Kwa hiyo haiwezekani. Kutoka katika swali hilo la watembezi ilianza elimu kubwa ambayo leo hutumika katika kupanga njia za simu na za magari.

Katika mji huo huo alizaliwa Immanuel Kant mwaka 1724, akafa humo mwaka 1804, na katika maisha yake yote hakusafiri mbali nao. Hata hivyo alifundisha jiografia ya dunia kwa miaka mingi, na vitabu vyake vya falsafa husomwa hata leo. Yasemwa kwamba alitembea kila siku kwa saa ile ile, hata jirani zake wakaweza kutengeneza saa zao kwa kumtazama. Makarani wakuu wangempenda mtu wa namna hiyo. Kaburi lake liko ubavuni mwa kanisa kuu.

Katika vita ya pili ya dunia mji huo ulipigwa mabomu vibaya mwezi wa Agosti 1944, na Aprili 1945 ukatekwa na majeshi ya Urusi. Mwaka 1946 ukapewa jina jipya, Kaliningrad, na Wajerumani waliosalia wakahamishwa. Mabaki ya ngome ya zamani yalibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini kanisa kuu, lililobaki kuta tupu, halikubomolewa, na wengi husema kwamba lililoliokoa ni lile kaburi la mwalimu. Katika miaka ya 1990 likaanza kujengwa upya. Leo mgeni akifika aweza kutembea kisiwani, kulitazama kaburi, kupanda mashua mtoni, kuingia makumbusho ya bahari penye meli ya uchunguzi iitwayo Vityaz na nyambizi iliyofungwa ukingoni, kisha kuona makumbusho ya kaharabu, kwa maana pwani ile hutoa sehemu kubwa ya kaharabu ya dunia. Mji umepoteza jina lake na watu wake wa kwanza, walakini mgeni bado anaonyeshwa nani alikaa hapa na nini kilitukia hapa. Nawaomba mliweke moyoni neno hilo, maana nitalirudia.

Sasa nije kwetu. Zamani zile Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walikuwa na desturi ya kuzipa manowari zao nyepesi majina ya miji yao. Tarehe 12 Desemba 1905, katika bandari ya Kiel, walishusha majini manowari mpya wakaiita Königsberg. Mwaka huo huo, tarehe 4 Agosti, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, ng'ambo ya kusini ya mto huu, na vita ya Maji Maji ikaenea. Haya mambo mawili hayakujuana. Lakini baada ya miaka 9 manowari ile ikaja kujificha katika mto huu huu.

Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga mikubwa 10. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, na vita ilipoanza ikatoka baharini. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikitengenezwa bandarini, ikaipiga hata ikazama. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Makaburi.

Baada ya hapo mtambo wa Königsberg uliharibika, ikaingia katika delta ya Rufiji kujificha kati ya mikoko. Vyombo vilivyovunjika vilitolewa, vikaburutwa na kubebwa na wapagazi wa Kiafrika kwa nchi kavu hata karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa kwa mabega yale yale. Tafakarini, ndugu zangu, njia ya siku zile, isiyo na lami wala daraja, na tope la msitu tunaloliona hapa.

Mwishoni mwa Oktoba 1914 Waingereza wakagundua mahali ilipo, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia, kwa kuwa maji ni machache na mikondo hubadilika. Walizamisha meli ya zamani, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuziba njia. Januari 1915 wakaitwaa Mafia, wakaweka huko uwanja wa ndege. Kisha wakaleta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo hapo kwanza ziliundwa kwa ajili ya Brazil, zipate kwenda katika mto Amazon. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikarudi. Zikaja tena tarehe 11 Julai, ndege zikiwaonyesha wapigaji mahali makombora yanapoanguka. Siku hiyo Nahodha Looff, naye amejeruhiwa, aliamuru watu wake waipasue meli yao wenyewe.

Lakini mizinga yote 10 ilitolewa majini, ikaburutwa tena Dar es Salaam, ikawekwa juu ya magurudumu, ikapigana katika nchi kavu kwa muda mrefu. Mmoja uliobaki leo uko Pretoria, Afrika ya Kusini. Wa pili uko Mombasa, mbele ya Ngome ya Yesu. Wa tatu uko Jinja, Uganda. Mwaka 1924 aliyekuwa nahodha wa Pegasus alinunua kwa pauni 200 haki ya kuchukua vyuma vya meli ile. Watu wakaendelea kukata na kuondoa shaba na chuma kwa miaka mingi, na katika mwaka 1966 gamba lililosalia likaanguka na kuzama katika tope. Basi Pretoria wana mzinga, Mombasa wana mzinga, Jinja wana mzinga. Rufiji haina hata mmoja.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa meli imezama na mizinga imekwenda, mtembezi aje Nyamisati kutazama nini? Nitajibu kwa utaratibu.

Kwanza, njia. Mtu akitoka Dar es Salaam hupanda gari Mbagala, hupita Mkuranga, na akifika Bungu huiacha barabara kuu ya Kilwa na kushika mkono wa kushoto hata gatini hapa. Hapa ndipo abiria huvuka kwenda Kilindoni, Mafia.

Pili, msitu wenyewe. Mikoko ya delta hii ni mikubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki mahali pamoja. Eneo lake ni karibu hekta 53,000. Wajerumani waliufanya msitu wa hifadhi mwaka 1898, na mwaka 2004 delta pamoja na Mafia na Kilwa ikaandikwa katika orodha ya mataifa ya ardhi oevu zenye thamani kubwa. Mtembezi asiseme tu kwamba ameona mikoko. Na amwombe nahodha wa mtumbwi amtajie mti mmoja mmoja: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu, mlilana unaosimama mbele kuikabili bahari, mkandaa, msinzi, mkomafi, msikundazi. Boriti za miti hii zilipakiwa katika majahazi kwa karne nyingi zikaenda kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba. Dari za majumba mengi ya kale huko zimeshikwa na miti ya delta kama hii.

Tatu, watu na kazi zao. Hapa utaona wavuvi wa kamba na samaki, mashamba ya mpunga yapatayo maji ya mto yakisukumwa na maji ya bahari, na watu wanaojua saa kwa bamvua na maji mafu bila kutazama ukuta. Nne, kwa mwenye siku za kutosha, avuke Mafia aone magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, na Chole, walipokaa watawala wa Kijerumani. Atakayekwenda kati ya Oktoba na Februari aweza kumwona papa potwe karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu. Au arudi barabara kuu, avuke mto kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, aende Mohoro, asimame kimya kidogo kwa ajili ya Kinjikitile.

Na yako mambo ya adabu na usalama. Mgeni apitie kwanza ofisi ya kijiji, ajitambulishe. Akubaliane na mwenye chombo juu ya bei kabla ya kuingia mashuani, si wakati wa kushuka. Amsikilize nahodha juu ya maji kujaa na kupwa, kwa maana mkondo uliomwingiza asubuhi waweza kumkwamisha jioni. Asioge mtoni: viboko na mamba hawaheshimu cheo. Achukue maji ya kunywa, kofia na chandarua. Asikate mti wala asibebe kipande cha chuma akikiona.

Ndugu zangu, nayajua maneno yatakayosemwa. Mmoja wenu aliniambia wiki iliyopita: "Hiyo ilikuwa vita ya Wazungu. Mmoja alikuja kujificha, mwingine akaja kumtafuta. Sisi yatuhusu nini?" Ni swali la haki, wala sitalipuuza. Jibu langu ni hili. Meli ilikuwa yao, lakini mto ulikuwa wetu. Mtambo ulikuwa wao, na mabega yaliyoubeba yalikuwa yetu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa katika vita ile kwa upande wa Waingereza peke yake wapita 90,000, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao ndicho kilichotupa jina la Kariakoo. Vitabu vinatutajia nahodha wa Königsberg, nahodha wa Pegasus na hata marubani wa ndege zile. Sijaona kitabu kinachotaja jina la mpagazi mmoja aliyeburuta vyombo vile kutoka delta hata Dar es Salaam.

Hapo ndipo nirudipo Kaliningrad. Watu wanaokaa mji ule leo si wazao wa Kant, wala lugha yao si yake, na waliuingia mji kwa vita. Hata hivyo walilihifadhi kaburi lake, na kaburi likahifadhi kanisa, na kanisa sasa huwaleta wageni wanaokula, kulala na kununua vitu pale. Hawakuuliza kama habari ile ni yao au ya wengine. Ilitukia mahali pao, ikawatosha. Sisi tulio wazao hasa wa wale waliobeba, tuna sababu kubwa zaidi.

Tena kuna haraka. Wale walioona kwa macho yao wamekwisha kufa wote. Wanaojua leo ni wajukuu na vitukuu waliosimuliwa kwa mdomo, nao ni wazee. Mto wenyewe wabadilika: tangu Desemba 2022 maji yake yameanza kuzuiliwa huko juu kwa ajili ya Bwawa la Julius Nyerere litoalo umeme, na habari za mafuriko ya zamani, mikondo iliyokufa na mikondo iliyozaliwa zimo vichwani mwa wazee tu. Na hapa gatini kila siku wapita abiria waendao Mafia. Hungoja chombo, hunywa chai, huondoka. Hawajui kama wameketi mlangoni pa habari kubwa namna hii, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nasi hapa tuna mlango wa mto uitwao Msala, basi twaweza kulikumbuka neno hilo kwa urahisi.

Kwa hiyo naleta mbele ya Chama mambo matatu, nikiomba yajadiliwe na kupigiwa kura.

La kwanza, kila mwaka Chama kifanye safari moja ya wanachama kuja delta, kila mtu akilipa nauli yake mwenyewe kwa kuweka akiba kidogo kidogo, na vyombo, chakula na waongozaji wote wawe wa vijiji vya hapa hapa, ili fedha ya safari ibaki mikononi mwa wenyeji.

La pili, sisi ni makarani. Kazi yetu ni kuandika. Wanachama wawili wawili waketi na wazee, kwa idhini yao, waandike majina ya wapagazi yanayokumbukwa katika ukoo, majina ya mikondo na visiwa, na mahali meli ilipolala. Karatasi zitiwe tarehe na jina la msimulizi. Nakala moja iwekwe ofisi ya kijiji, moja ipelekwe Nyaraka za Taifa, moja ibaki kwa Chama.

La tatu, Chama kiwaandikie wenye mamlaka kwa heshima, kuomba kibao kiwekwe karibu na gati, kwa Kiswahili, kitakachoeleza kilichotukia hapa kati ya Septemba 1914 na Julai 1915. Na majina ya wapagazi yatakayopatikana yaandikwe kwanza, juu ya jina la nahodha ye yote.

Hayo si mambo ya fedha nyingi. Yanahitaji kalamu, subira, na siku chache za ruhusa. Wazee wetu wa Nyamisati wako hapa mbele yenu, na mmoja wao amekwisha niambia kwamba yu tayari kuanza kesho asubuhi baada ya maji kujaa. Nawaombeni atakaye kuandika ajiandikishe kwa Katibu kabla hatujatawanyika.